Mgeni Asiye na Barua

Katika ofisi nyingi za umma hapa kwetu, mgeni hapiti kabla ya kuandika katika kitabu cha wageni. Kuna safu ya tarehe, ya jina, ya anakotoka na ya sababu ya kuja. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliyapitia madaftari ya namna hiyo kwa miaka mingi, na safu iliyojazwa vibaya kuliko zote ilikuwa ile ya anakotoka. Mmoja huandika mtaa, mwingine huandika "nyumbani", wa tatu hupiga mstari akapita. Mstari ule hausemi kwamba mgeni hakutoka popote. Unasema tu kwamba hatukuambiwa.

Intaneti nayo ina kitabu chake cha wageni, na historia yake yafaa kujulikana, kwa kuwa siku hizi maamuzi mengi hukatwa kwa kukitazama. Tim Berners-Lee alibuni wavuti huko CERN, karibu na Geneva, kati ya mwaka 1989 na 1991. Msingi wake ni kiungo: msomaji anagusa maneno katika ukurasa mmoja, anajikuta katika ukurasa mwingine. Baadaye Phillip Hallam-Baker alipendekeza kwamba kivinjari kinapobisha hodi kwenye seva kitaje pia ukurasa kilikotoka. Yaani mgeni aje na barua ya utambulisho. Pendekezo likakubaliwa, likaingia katika waraka wa kanuni uitwao RFC 1945, uliotolewa Mei 1996. Barua hiyo ikaitwa Referer, neno ambalo kwa Kiingereza sanifu lilipaswa kuwa na herufi r mbili katikati. Kosa la tahajia lilipogunduliwa, programu zilikwisha kulizoea, na hadi leo linaandikwa hivyo hivyo.

Waraka ule ulieleza manufaa ya barua hiyo bila makuu: mwenye ukurasa ajue ni nani wanaomtaja, na viungo vilivyokufa au vilivyoandikwa vibaya vifuatiliwe hadi kwenye chanzo. Lakini uliweka pia mipaka miwili. Kwanza, anayeandika anwani kwa mkono wake hana barua, kwa sababu hakutumwa na ukurasa wowote. Pili, mahali mtu anakotoka paweza kuwa siri yake, hivyo inafaa sana apewe nafasi ya kuchagua kupataja au kutopataja. Kwa hiyo safu tupu haikuzuka baadaye. Ilizaliwa siku moja na barua yenyewe.

Kilichokuja baadaye ni wingi wake. Mwaka 1999 kanuni mpya zilielekeza kwamba mtu akitoka kwenye ukurasa salama, ule ambao anwani yake huanza na https, kwenda kwenye usio salama, barua isitumwe. Oktoba 2011 Google ilianza kuyaficha maneno waliyotafuta watu walioingia kwa akaunti zao, na mwaka 2013 ikayaficha karibu kwa wote. Jina la Google lilibaki katika barua, ila swali lililomleta mgeni likafutwa. Kisha zikaja simu za mkononi. Kiungo kilichotumwa kwa WhatsApp au kwa programu ya barua pepe hakitoki kwenye ukurasa wa wavuti, basi aghalabu mgeni wake hufika mikono mitupu.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa la wahesabuji. Programu za takwimu huwakusanya wageni wote wasio na barua na kuwaita "wa moja kwa moja", kana kwamba kila mmoja wao aliikumbuka anwani na kuiandika mwenyewe. Oktoba 2012 Alexis Madrigal, mwandishi wa gazeti la The Atlantic la Marekani, aliikataa hesabu hiyo kwa hoja nyepesi. Anayefika kwenye ukurasa wa mbele huenda kweli aliandika anwani yake. Lakini anayetua kwenye makala ya ndani, yenye anwani ndefu ya herufi na tarakimu, hakuiandika kwa mkono. Pengine alitumiwa na rafiki. Bila darubini yoyote, alipima tu kama jambo lenyewe linawezekana, kama mwanahistoria anavyofanya mbele ya hati isiyo na sahihi.

Njia nyingine zipo. Wageni wakiongezeka ghafla saa moja, kwenye ukurasa mmoja tu, na wote wakitumia simu, yaelekea kiungo kimepita katika kundi fulani. Mwenye tovuti aweza pia kutia alama katika viungo anavyovisambaza mwenyewe, kimoja cha jarida, kingine cha tangazo. Alama hizo zilienezwa na programu ya Urchin, ambayo Google iliinunua mwaka 2005, na mpaka leo huanza na herufi utm. Ile u ni ya Urchin. Kama tovuti yake bado si salama, na aifanye salama, maana barua nyingine hupotea mlangoni pake mwenyewe. Na ipo njia kongwe kuliko zote: kumwuliza mgeni, "Umetufahamu kupitia nani?"

Hata hivyo, si kila anayenyamaza afuatwe nyayo. Januari 2015 ilibainika kwamba HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kutafutia bima ya afya, ilikuwa ikipeleka kwa kampuni za nje, ndani ya anwani za kurasa zake, umri wa mtu, kama anavuta sigara na kama ni mjamzito. Barua iliyobuniwa kumtambulisha mgeni ilikuwa ikimwaga siri zake njiani. Mambo ya namna hiyo yanaonyesha kwa nini vivinjari vimeifupisha: tangu 2020 Chrome, na tangu 2021 Firefox, mtu atokapo tovuti moja kwenda nyingine kwa kawaida hutaja jina la tovuti tu, bila ukurasa wenyewe.

Nawasihi basi wanaoandika ripoti za tovuti za shule, magazeti na hospitali. Wasiokuwa na barua waandikieni "haijulikani", wala msiwagawie mlango msiouona. Mkiwaita "wa moja kwa moja", mtaamini kwamba jina lenu linajulikana sana, mtakata fungu la jarida lililowaleta, na mtamsahau yule mwalimu au muuguzi aliyewatumia wenzake kiungo chenu jioni moja bila kuombwa. Huyo ndiye aliyeifanya kazi yenu iwafikie watu, na katika daftari lenu hana safu.