Jina Juu ya Mlango

Mwaka 1878, katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island huko Marekani, mhamiaji Mjerumani aitwaye Maximilian Berlitz alikuwa na shule ya lugha na kazi iliyomzidi nguvu. Alizaliwa 1852 huko Württemberg, akavuka bahari miaka ya 1870, akawa anajipatia riziki kwa kufundisha Kifaransa na Kijerumani. Kwa simulizi ambayo kampuni yake hupenda kuirudia, alitafuta msaidizi akampata Mfaransa, Nicholas Joly, aliyemwandikia barua ya Kifaransa safi kabisa. Joly akafika. Kumbe hajui Kiingereza hata cha kuombea maji!

Berlitz mwenyewe alikuwa hoi, anaumwa. Akamwambia Joly aingie darasani hivyo hivyo, aonyeshe vitu kwa kidole, aigize vitendo. Wiki sita baadaye alirudi akitarajia malalamiko, akakuta wanafunzi wanaulizana na kujibizana kwa Kifaransa, tena kwa lafudhi nzuri. Hapo, eti, ndipo mbinu ya Berlitz ilipozaliwa: darasani ni lugha inayofundishwa tu, hakuna kutafsiri.

Watu huisimulia hadithi hii kama habari ya ualimu. Mimi naiona zaidi kama habari ya biashara. Kabla ya Joly, shule ilimtegemea mtu aliyeweza kueleza sarufi ya Kifaransa kwa Kiingereza, na watu wa aina hiyo ni wachache, tena ghali. Baada ya Joly, kilichotakiwa ni mtu yeyote aliyekulia ndani ya lugha, pamoja na kitabu cha kumwongoza. Ukiwa na kitabu na utaratibu, unaweza kufungua tawi Boston, ukafungua New York, ukavuka tena bahari hadi Berlin mwaka 1888, na wewe mwenyewe usikanyage darasa hata moja. Mwalimu akiondoka Ijumaa, mwingine anaendelea Jumatatu kutoka ukurasa ule ule. Na hapa kuna kichekesho: kwa kanuni hiyo ya mzawa wa lugha, Berlitz mwenyewe asingepata kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule za Berlitz.

Mmoja wa waliopita katika mlango huo alikuwa James Joyce. Oktoba 1904, akiwa na miaka 22, alitoka Dublin na Nora Barnacle hadi Zurich, akiamini kuna nafasi inamsubiri katika shule ya Berlitz. Haikuwepo. Akaelekezwa Trieste, huko nako hakuna. Hatimaye Almidano Artifoni, msimamizi wa shule ya Trieste, akampeleka Pola, bandari ya jeshi la majini la Austria-Hungaria, ambako tawi jipya lilikuwa linafunguliwa. Malipo yalikuwa pauni 2 kwa wiki kwa saa 16, na wanafunzi wengi walikuwa maofisa wa jeshi. Mwaka 1905 akahamishiwa Trieste. Mwaka 1906 alijaribu kazi ya benki Roma, ikamshinda, akarudi 1907, kisha akaacha Berlitz na kuanza kufundisha watu binafsi. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mfanyabiashara wa rangi za meli, Ettore Schmitz, ambaye wasomaji wanamjua kwa jina la Italo Svevo. Urafiki wao uliwafaa wote wawili. Jina la Artifoni nalo akalihifadhi: limo ndani ya Ulysses, amevikwa ualimu wa muziki.

Joyce alikuwa na kipaji cha kuishi bila kulipa madeni, kwa hiyo tusimfanye kielelezo cha mwalimu aliyejitegemea. Lakini hatua yake ndiyo ile ambayo walimu wa ughaibuni huiwaza usiku: kwa nini nisifungue yangu?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuanza na jina lako, kama John na Brita Haycraft, Mwingereza na mkewe Msweden, walioanzisha shule Córdoba, Uhispania, mwaka 1953, wakafika London 1959, na chombo chao kikaja kuitwa International House. Ya pili ni kukodi jina la mwingine, biashara inayoitwa franchaizi. Unalipa ada ya kuingia, kisha asilimia ya mapato kila mwezi, na unatumia vitabu vyao. Kodi ya jengo, mishahara na hasara ni zako. Umekuwa mwenye shule, ndiyo, lakini unapeleka hesabu kama dereva wa matatu. Na wewe ni mgeni: kibali chako cha kukaa kinahesabiwa kwa miezi, mkataba wa jengo kwa miaka.

Jinsi jina linavyoweza kumwangukia mtu ilionekana Japani. NOVA ilianzishwa Osaka mwaka 1981, ikakua ikawa kampuni kubwa kuliko zote za mazungumzo ya Kiingereza nchini humo, mamia ya matawi na kikatuni cha sungura kila kituo cha treni. Wanafunzi walilipia mapema, wengine masomo ya hadi miaka mitatu, na fedha hizo zikaendesha upanuzi. Juni 2007 serikali iliipiga marufuku kwa miezi sita kusaini mikataba mipya ya muda mrefu. Bila malipo mapya ya mapema, mishahara ikaanza kuchelewa, kisha ikakatika. Oktoba kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama.

Walimu wa kigeni wapatao 4,000 walibaki njia panda. Wengine waliishi katika nyumba walizopangishwa na kampuni: kodi imekatwa kwenye mshahara, lakini mwenye nyumba hajalipwa, na notisi ya kuhama iko mlangoni. Kuna waliofundisha kwa malipo ya chakula, mpango uliosaidiwa na chama cha wafanyakazi. Mwanafunzi aliyekuwa amelipia NOVA kabla ya masomo sasa alimletea mwalimu mlo baada ya somo.

Vijana wetu wa Kenya wanaotamani kazi hii Asia hukutana na Joly kabla hata ya kukutana na mkataba. Viza ya Korea Kusini ya kufundisha Kiingereza, E-2, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Mkenya aliyefanya mitihani yake yote kwa Kiingereza hayumo. Katika biashara hii mzawa hutambuliwa kwa pasipoti, na kinywa chake huulizwa baadaye.

Berlitz alifariki 1921. Kampuni yake imepita mikono ya Wamarekani, ikamilikiwa na Wajapani wa Benesse, na mwaka 2022 ikauzwa Kanada. NOVA nayo ilichukuliwa na kampuni nyingine Novemba ile ile ya 2007. Walimu wengi walikuwa wameshapanda ndege kurudi kwao, na matawi yakaanza kufunguliwa tena kwa jina lile lile.