Stika milioni 20, kura milioni 9.9

Mwaka 1968 George Wallace, aliyewahi kuwa gavana wa Alabama na mtetezi mkubwa wa ubaguzi wa rangi, aliwania urais wa Marekani nje ya vyama viwili vikuu. Kampeni yake inatajwa kuagiza stika za magari milioni 20 kwa mchapaji mmoja. Kura zilipohesabiwa, Wallace aliambulia milioni 9.9 na majimbo matano ya Kusini. Richard Nixon ndiye aliyeingia Ikulu.

Biashara hiyo ya stika ilikuwa bado changa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, shabiki wa mgombea alifunga kadibodi au bati kwenye bampa kwa waya. Mvua ikinyesha kadibodi inalowa, waya unalegea, tangazo linadondoka njiani. Baada ya vita, Forest Gill, mchapaji wa Kansas City, alichukua karatasi yenye gundi nyuma akaichapa kwa wino mkali unaoonekana kwa mbali hata mchana. Wenye vivutio vya utalii waliichangamkia: mgeni akiwa ndani anatembezwa, huku nje kijana anambandikia gari lake. Anarudi kwao akitangaza biashara ya watu bure.

Wanasiasa nao hawakulala. Mwaka 1952, jina la utani la Jenerali Dwight Eisenhower, "Ike", lilizagaa kwenye mabampa nchi nzima, na akashinda. Lakini huyo alikuwa shujaa wa vita. Angejulikana hata bila stika.

Stika moja iliyokumbukwa sana haikuomba kura hata moja. Mwaka 1972 Nixon alizoa majimbo 49 kati ya 50. Kashfa ya Watergate ilipomwandama, magari ya Massachusetts, jimbo pekee lililomkataa, yakaanza kutamba: msinilaumu mimi, natoka Massachusetts.

Watafiti nao wamepima. Utafiti wa 2016 kuhusu mabango ya kampeni, ndugu wa stika, ulikuta yanaongeza takriban asilimia 1.7 ya kura: kidogo, ila chatosha pale wagombea wanapokabana koo. Mwaka 2008, wanasaikolojia wa Colorado walibaini kuwa madereva wenye mapambo na stika nyingi huendesha kwa hasira zaidi, hata kama stika inahubiri amani. Na majaribio ya Alan Gerber na Donald Green mjini New Haven mwaka 1998 yalionyesha kinachowatoa watu nyumbani kwenda kupiga kura: mtu kuja kubisha hodi na kuzungumza nao ana kwa ana.

Hapo ndipo stika inapopata thamani yake. Anayeichukua ameshasema yuko upande gani. Kampeni yenye akili humwandika jina na namba ya simu, kisha humwomba Jumamosi moja ya kuzunguka mitaani. Kampeni inayomwacha aondoke na stika yake tu imetupa hela.