Mikondo ya Psikolojia na Mtu Mmoja

Mwaka 1879 ulizaa mambo mawili. Mjini Leipzig, katika nchi ya Ujerumani, Profesa Wilhelm Wundt alifungua laboratwari ya psikolojia ambayo wataalamu huihesabu kuwa ya kwanza. Na huko Roma, tarehe 4 Agosti ya mwaka ule ule, Papa Leo XIII alitoa barua Aeterni Patris, akiagiza filosofia ya Mtakatifu Thomas irudishiwe heshima yake katika masomo ya mapadri. Upande mmoja vyombo vya kupimia, upande mwingine vitabu vya kale. Tunataka kueleza kwa kifupi namna mambo hayo yalivyokutana, na faida gani sisi mapadri, waseminari na wakatekista tunaweza kuipata katika habari hiyo.

I. Asili ya elimu hii

Kufundisha juu ya roho si jambo jipya. Aristoteles aliandika kitabu kizima juu ya roho, na Mtakatifu Thomas alikifafanua katika karne ya 13. Wote wawili walifundisha kwamba roho haikai ndani ya mwili kama mpangaji katika nyumba ya kukodi. Roho na mwili ni mtu mmoja. Katika karne ya 17 Descartes alivitenga viwili hivyo, na toka hapo wenye elimu wengi walizoea kuchunguza mwili peke yake au mawazo peke yake.

Wundt alitaka kuyapima mawazo. Alimpa mtu ishara ya mlio au ya mwanga, akahesabu sehemu ya sekunde iliyopita kabla mtu hajabonyeza kifungo. Tena alimwomba aeleze alichokiona ndani ya nafsi yake. Vijana wa nchi nyingi walikwenda kujifunza kwake. Lakini neno moja lilileta shida: kile ninachokiona ndani yangu, nani mwingine atakihakikisha?

II. Mikondo mikubwa

Kutoka swali hilo mikondo iligawanyika.

Wa kwanza ni ule wa John Watson, Mmarekani. Mwaka 1913 alisema: yaliyo ndani hayaonekani, basi tuyaache, tuchunguze matendo tu. Aliutegemea utafiti wa Pavlov, Mrusi, aliyeonyesha kwamba mbwa akizoea ishara fulani kabla ya chakula, mate yake yatatoka kwa ishara ile peke yake. Mwaka 1920 Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walichukua mtoto asiyetimiza mwaka, asiyeogopa panya mweupe. Kila mara mtoto alipomgusa panya, wakagonga chuma kwa kelele nyuma yake. Baada ya siku chache mtoto alilia kwa kumwona panya tu, hata sungura pia. Leo jaribio la namna hiyo haliruhusiwi. Lakini lilifundisha jambo zito: woga unaweza kupandwa ndani ya mtu.

Wa pili ulitokea Ujerumani mwaka 1912 kwa Max Wertheimer. Alionyesha kwamba mistari miwili ikiwashwa moja baada ya mwingine kwa haraka, jicho linaona mstari mmoja unaotembea. Sinema nayo hufanya hivyo kwa picha zilizosimama. Basi mtu haoni vipande kwanza na kuviunganisha baadaye. Anaona kitu kizima. Wimbo ukipandishwa sauti, kila noti inabadilika, lakini kwaya yote inajua kwamba wimbo ni ule ule.

Wa tatu ni wa Sigmund Freud, munganga wa Vienna. Kwa Freud mawazo tunayoyajua ni machache. Chini yake kuna tamaa, hofu na majeraha ya utoto yaliyofukiwa, nayo yanatoka kwa njia ya ndoto na ya magonjwa. Alifundisha waganga kumwacha mgonjwa aseme. Lakini mwaka 1927, katika kitabu chake juu ya dini, aliiita imani kuwa ndoto tu ya tamaa zetu. Hapo alitoka katika hospitali yake, akahukumu mambo ambayo hakuwa na kipimo chake. Wenzake Adler na Jung walikuwa wamekwisha kuachana naye, mmoja mwaka 1911, mwingine mwaka 1913.

Baada ya vita vya 1939-1945 ilisikika sauti nyingine. Viktor Frankl, aliyetoka hai katika kambi za Wanazi, alifundisha kwamba mtu anahitaji maana ya maisha kuliko raha. Carl Rogers wa Marekani alifundisha kwamba mtu anayesikilizwa kwa kweli, bila kuhukumiwa upesi, anaanza kupona. Na toka miaka ya 1950 wataalamu wengine walirudia kuchunguza akili yenyewe, namna inavyokumbuka na kufikiri.

Tukiitazama mikondo hii pamoja, tunaona ugonjwa mmoja. Kila mmoja ulishika jambo la kweli, halafu ukasema: hili ndilo mtu mwenyewe. Tendo si mtu. Tamaa si mtu. Kila mara sehemu ilipofanywa kuwa kitu kizima, mkondo mwingine ulitokea kudai sehemu iliyosahauliwa.

III. Padri mmoja wa Louvain

Mwaka 1882, kwa agizo la Leo XIII, Padri Désiré Mercier alianza kufundisha filosofia ya Mtakatifu Thomas katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Angeweza kukaa na vitabu vyake na kuwalaumu watu wa Leipzig toka mbali. Alitenda kinyume. Aliona kwamba, kama roho na mwili ni mtu mmoja, basi kuupima mwili hakuwezi kuivunja imani. Katika Taasisi ya Filosofia aliyoianzisha mwaka 1889 aliweka pia laboratwari ya psikolojia, akamkabidhi Armand Thiéry, aliyekuwa amejifunza kwa Wundt mwenyewe. Baadaye Mercier akawa Askofu mkuu wa Malines mwaka 1906, na Kardinali mwaka 1907.

Matunda yalionekana. Albert Michotte, mtoto wa shule ile ya Louvain, alitangaza mwaka 1946 kitabu juu ya namna tunavyoona sababu na matokeo. Alionyesha watu umbo dogo linalokwenda kugusa jingine, nalo la pili likaondoka mara ile ile. Watu waliona wazi kwamba la kwanza limelisukuma la pili. Lakini la pili likikawia kidogo tu, hawakuona tena msukumo. Swali la waalimu wa filosofia lilipata msaada toka mezani pa majaribio.

Kanisa liliendelea kwa mwendo huo, kwa uangalifu. Mwaka 1961 liliwakataza mapadri kufanya kazi ya psikanalisi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano II, katika Gaudium et Spes, uliwataka wachungaji watumie pia matokeo ya psikolojia. Mwaka 2008 Roma ilitoa maagizo juu ya psikolojia katika seminari: mseminari hapimwi na mtaalamu bila kukubali mwenyewe kwa uhuru.

IV. Sisi nasi

Je, ugonjwa ule wa kuifanya sehemu kuwa kitu kizima ni wa wageni tu? Mwaka 1945 Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Katanga, alitangaza kwa Kifransa mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Sura moja inaeleza psikolojia ya muntu: muntu hayuko peke yake, nguvu zake zinapanda na kushuka kwa uhusiano wake na wengine. Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun alikikosoa kitabu hicho kwa ukali mwaka 1968. Hata hivi, mengi ya maneno yale wazee wetu wangeyakubali, na ni mazuri: yanatukumbusha jamaa, ambayo Watson aliisahau.

Lakini neno zuri likifanywa kuwa yote, linaua. Kama kila taabu inatoka kwa mtu, basi lazima mtu atafutwe. Tuweke mfano. Mtoto wa miaka minane amefiwa na mama. Anakojoa kitandani, anapiga kelele usiku. Baba amepoteza kazi, mtoto mdogo amekufa. Jamaa inakaa kikao, na hukumu inatoka: huyu ni mulozi. Anapigwa, anafungiwa bila chakula, mwishowe anafukuzwa. Wengine wanamleta kwetu na kusema: Padri, mwombee, mumtoe shetani.

Tufanye nini? Kwanza tukumbuke Rituale ya Kirumi ya mwaka 1614: inamwonya padri asiamini upesi kwamba mtu ameshikwa na shetani, bali ajue kumtofautisha na mgonjwa. Onyo hilo ni la miaka mia mbili na zaidi kabla ya Wundt. Halafu tuiite mikondo yote isaidie, kila mmoja kwa kipimo chake. Freud atatuuliza: mtoto huyu amelilia mama yake wapi? Watson: nani anampanda woga kila jioni kwa fimbo? Wertheimer: mbona mnamtazama mtoto peke yake, na nyumba yote inateseka? Rogers: kuna mtu aliyemsikiliza? Munganga naye aangalie mwili, maana kukojoa kitandani kunaweza kuwa na sababu yake. Tena Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Katekista amjulishe baba neno hilo kwa upole, lakini asilifiche.

Sala haiondolewi. Tumwombee mtoto, tuwaombee na wazazi, tumzike marehemu kwa heshima na kuwafariji waliobaki. Lakini sala isiwe njia ya kutia muhuri juu ya hukumu ya kikao.

Mercier hakuogopa kwamba laboratwari itamwonyesha mtu asiye na roho. Nasi tusiogope kwamba kumpeleka mtoto hospitali kunapunguza imani yetu. Mungu alimwumba mtu mmoja, mwili na roho, akamweka katika jamaa. Katekista atakayeletewa mtoto wa namna hii wiki ijayo ampe kwanza kiti na chakula, kisha amsikilize yeye mwenyewe, kabla hajawasikiliza wanaomshitaki.