Ugomvi wa Berlin na Vienna

Nimezeeka maabarani nikipasua ateri za marehemu, na katika ugomvi huu wa chanzo cha ugonjwa wa ateri niko upande wa Rudolf Virchow wa Berlin. Miaka ya 1850 alishikilia kwamba mchochota ndio huanza, ukuta wa ateri ukachafuka. Carl von Rokitansky wa Vienna akakataa: uchafu hutoka kwenye damu, mchochota hufuata tu.

Mwaka 1913, St. Petersburg, Nikolai Anitschkow akawalisha sungura kolesteroli ndani ya mafuta ya alizeti (sungura, mla majani!). Ateri zikajaa mafuta, Virchow akasahaulika. Lakini Anitschkow mwenyewe aliziona humo seli nyeupe za damu, ishara ya mchochota.

Mwaka 2017 jaribio la CANTOS, wagonjwa zaidi ya 10,000, lilituliza mchochota bila kushusha kolesteroli. Mishtuko ya moyo ikapungua. Vifo vya maambukizi vikaongezeka.