MIDI haina mwenyewe: soma historia kabla hujachagua programu ya pedali

Kuna swali naulizwa kila nikipost video ya gitaa: "Bro, nitumie programu gani kwenye tableti ili niendeshe pedali yangu kwa MIDI?" Jibu langu ni refu, kwa sababu mimi nilichagua kwa macho na nikalipa.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Kodi ya nyumba naitafuta kwa video na kwa gitaa la harusi. Pedali yangu ni mtumba, ina vitufe vinne tu vya kuzungusha, lakini ndani imebeba sauti kibao ambazo huzifikii bila MIDI. Nikapakua programu moja tamu kwa macho, rangi zimewaka, kila kitu kinateleza. Wiki mbili nzima nikapanga sauti za nyimbo kumi na moja.

Usiku wa harusi, Kisauni, ukumbini mtandao hakuna. Programu ikagoma: ingia tena kwenye akaunti yako. Nitaingiaje bila bando? Nyimbo zote zimefungiwa humo ndani. Nikapiga mpaka mwisho na sauti moja, mwangwi mrefu kama niko ndani ya tangi la maji. Chakacha na mwangwi wa vile, wacha tu. Malipo yakakatwa nusu.

Ami anayetupigia kinanda alinitazama nikikunja nyaya. Akasema, "Mwanangu, kinanda changu kina zaidi ya miaka thelathini. Hakijawahi kuniuliza mimi ni nani."

Hiyo ndiyo ilinirudisha kwenye historia.

Sisi watu wa Pwani kuchukua kifaa cha mbali na kukifanya chetu si jambo geni. Mwaka 1912, huko Nagoya, Japani, Goro Morita aliunda ala ya nyuzi yenye vibonyezo kama vya taipureta. Ala ile ikafika India, ikafika na kwetu, tukaiita taishokoto. Sikiliza rekodi za taarab za Zuhura Swaleh wa hapa Mombasa, utaisikia inavyokimbia. Hakuna aliyehitaji ruhusa ya Nagoya kuipigia taarab. Ukishakuwa nayo mkononi, ni yako.

Vinanda vya umeme vilipokuja, mambo yakawa tofauti kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Roland walikuwa na njia yao ya kuunganisha, Sequential Circuits na yao. Ukinunua cha huyu, hakiongei na cha yule. Mwaka 1981 Dave Smith wa Sequential akapendekeza lugha moja kwa wote, na Ikutaro Kakehashi wa Roland akasukuma wazo hilo na kampuni za Japani. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM kule California, vinanda vya kampuni hizo mbili viliunganishwa kwa kebo mbele ya watu, vikaongea. Hiyo ndiyo MIDI. Na hawakuitoza kampuni yoyote ada ya kuitumia. Mwaka 2013 wawili hao walipewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Elewa kitu kimoja: MIDI haibebi sauti. Inabeba amri tu. "Nenda sauti namba 14." "Mwangwi uweke 90." Ina chaneli 16, na amri nyingi zinahesabu kuanzia 0 hadi 127. Ni ndogo sana, ndiyo maana amri zako zote za usiku mmoja zinaenea kwenye ukurasa wa daftari. iPad zilianza kuielewa mwaka 2010, Android mwaka 2015. Kwa hivyo hata tableti kuukuu ya dukani mtaani inaweza kazi hii.

Lugha haina mwenyewe, lakini programu inaye. Hapo ndipo mtego. Lemur ilikuwa kifaa kilichotengenezwa Ufaransa, ikaja kwenye iPad mwaka 2011, na kuna wanamuziki waliijengea shoo nzima. Mwaka 2022 ikasimamishwa. Baadaye kampuni nyingine iliichukua na kuirudisha, lakini kama shoo yako ilikuwa katikati, ungefanyaje?

Basi mimi sasa nachagua hivi. Kwanza, zima intaneti, zima tableti, iwashe tena, fungua programu. Ikikuuliza wewe ni nani, futa. Pili, lazima ikuruhusu kuandika amri mwenyewe, namba na chaneli, si kuchagua tu pedali kwenye orodha yao. Tatu, itoe faili unayoweza kuhifadhi kwingine. Nne, kama inauzwa, lipa mara moja, si kila mwezi. Na kabla ya yote hayo hakikisha kebo: pedali ndogo nyingi hutumia tundu dogo badala ya lile la pini tano, na kuna aina mbili, A na B. Ukikosea, utalaumu programu bure. Pia programu nyingine huhesabu sauti kuanzia 0 na nyingine 1, kwa hivyo ukiita 14 ikaja 15, usipanic.

Ninayotumia leo ina sura mbaya, vitufe vya kijivu kama kikokotoo cha shule. Namba zote nimeziandika kwenye daftari, tableti ikifa nahamia nyingine kwa nusu saa.

Jumamosi navuka feri kwenda Likoni, harusi nyingine. Ami atakuwepo na kinanda chake. Intaneti nitaizima makusudi kabla hatujaanza.