Nani Anamsikiliza Afande?

Mkoa wa Katavi ulizaliwa Machi 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu yake. Lakini kazi ya polisi huku ilikuwa nzito hata kabla ya mkoa kuwapo. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 walipewa makazi Katumba, na kuanzia 1978 wengine wakapelekwa Mishamo. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika na Karema yake. Katikati kuna hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974, na wenye bunduki wanaowafuata tembo wake. Yaliyobaki ni misitu na barabara ndefu ambazo masika huzigeuza tope.

Katika nchi ya namna hiyo polisi ndiye anayefika wa kwanza. Basi likipinduka usiku, yeye ndiye anayemulika tochi na kuhesabu. Mtuhumiwa wa wizi akichomwa moto na wananchi wenye hasira kali, yeye ndiye anayefunika kilichobaki na kukipakia kwenye gari. Maiti ikiopolewa ziwani, yeye ndiye anayeitafutia jina. Kesho yake asubuhi yuko gwarideni, jioni yuko zamu kaunta, na mtu wa kwanza kuingia kituoni anamkuta afande mkali asiyejulikana kakasirishwa na nini.

Kwenye Dawati la Jinsia na Watoto uzito ni wa aina nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Nyuma ya asilimia hiyo kuna mabinti waliokaa mbele ya meza ya askari wakaeleza jinsi ilivyokuwa. Askari huyo, mara nyingi mwanamke mwenye watoto wake nyumbani, huandika neno kwa neno. Hana damu ya kuosha mikononi, hana risasi ya kusimulia, na kwa sababu hiyo hakuna anayefikiri kwamba naye ameumia.

Jeshi la Polisi lilianzishwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919, chini ya Waingereza, makao yake makuu ya kwanza yakiwa Lushoto kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1930. Lilijengwa ili kutii na kutiisha. Lilikuwa na kanuni za viatu, za saluti, za bunduki na za adhabu. Kwa mtu aliyelemewa akilini njia ilikuwa moja tu, nayo ilielekea Dodoma, Mirembe, hospitali iliyojengwa katika miaka ya 1920. Mpaka leo kuambiwa unafaa kupelekwa Mirembe ni tusi, ingawa hospitali hiyo imeponya watu wengi. Askari aliyelelewa katika mazingira hayo alijifunza mapema kuchagua kati ya mawili: kunyamaza au kunywa.

Hali haikuwa tofauti sana katika mataifa tajiri. Mwaka 1968 polisi wa Los Angeles walimwajiri Martin Reiser, mwanasaikolojia wa kwanza kufanya kazi ya kudumu ndani ya jeshi la polisi nchini Marekani. Ilikuwa hatua kubwa, lakini askari wengi hawakuukaribia mlango wake. Mwanasaikolojia analipwa na mkuu wako, ofisi yake inaonekana na kila mtu, na wewe una bunduki ambayo neno moja la daktari linaweza kukunyang'anya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Boston, askari aitwaye Ed Donovan pamoja na wenzake wakajaribu njia nyingine: askari aliyepitia msongo amsikilize askari anayepitia msongo. Los Angeles nao wakaiga mwaka 1981, wakaanza kuwafunza askari wa kawaida kazi ya kusikiliza wenzao.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1980, madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wameingiza katika mwongozo wao rasmi maradhi yanayotokana na kiwewe. Waliosukuma jambo hilo hasa ni wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam. Dalili zilizoandikwa pale zinafahamika katika kambi yoyote ya polisi hata kama hazijawahi kusomwa: tukio linarudi usingizini na mchana, mwili unashtuka kwa sauti ndogo, mtu anakwepa mahali na watu wanaomkumbusha, hasira inapanda bila sababu, moyo unakufa ganzi hata kwa mke na watoto.

Palikuwa na kujikwaa pia. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto na huduma za dharura, alipendekeza kikao cha pamoja mara tu baada ya tukio baya, kila mmoja aeleze alichoona. Wazo lilienea duniani kwa kasi. Baadaye watafiti walipokusanya majaribio yaliyofanywa, waligundua kwamba kumkalisha mtu mara moja na kumtaka asimulie hakuzuii maradhi ya kiwewe. Wanamaji wa Uingereza, waliotengeneza utaratibu wao katika miaka ya 1990, walichagua upole zaidi: mwenzako aliyefunzwa anakujulia hali siku chache baada ya tukio, anakurudia baada ya mwezi hivi, na akiona hali haitengemai anakushika mkono mpaka kwa daktari. Hapa nadhani ndipo ulipo moyo wa jambo zima. Msikilizaji hatibu. Kazi yake ni kugundua mapema, na kuhakikisha mwenzake hapotelei peke yake.

Lakini hayo yote yalikuwa yanasimama juu ya ahadi ya mdomo, kwamba siri itatunzwa. Ahadi ilikuja kupimwa mahakamani.

Tarehe 27 Juni 1991, katika mji mdogo wa jimbo la Illinois, askari aitwaye Mary Lu Redmond aliitikia mwito wa ugomvi kwenye majengo ya kupanga. Alikuwa wa kwanza kufika. Kwa maelezo yake, alimwona mwanamume mwenye kisu akimkimbiza mwingine, akamwamuru akitupe, na alipokaribia kumchoma aliyekuwa akimkimbiza, akafyatua risasi. Ricky Allen akafa. Familia yake ilisimulia vingine, ikasema hakuwa na silaha, ikafungua kesi. Wakati huohuo Redmond alikuwa anakwenda kwa mshauri, ofisa wa ustawi wa jamii aitwaye Karen Beyer, vikao karibu 50. Mawakili wa familia wakataka kumbukumbu za vikao hivyo. Beyer na Redmond wakakataa. Jaji akawaambia wazee wa baraza kwamba wanaweza kuchukulia kuwa yaliyofichwa yanamwumiza Redmond, na wazee wakaipa familia ushindi wa dola 545,000.

Rufaa ilifika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani. Mwaka 1996, kwa kura saba dhidi ya mbili, majaji waliamua kwamba mazungumzo ya mtu na mshauri wake wa akili yanalindwa, kwa sababu bila ulinzi huo hakuna atakayesema, na asiposema hakuna tiba. Sisahau upande wa pili wa kesi hiyo: familia iliyopoteza mtu ilikuwa na haki ya kutafuta ukweli, na uamuzi huo uliwafungia mlango mmoja. Majaji walilipima hilo wakaona kwamba ushahidi ambao ungepatikana usingekuwapo kabisa kama watu wangejua kwamba maneno yao hayasitiriki. Hata hivyo uamuzi ulimhusu mshauri mwenye leseni. Askari anayemsikiliza mwenzake alibaki nje, na ilichukua hadi Novemba 2021 kwa sheria ya Marekani kuwalinda wasikilizaji hao kwa upande wa askari wa serikali kuu.

New York hawakusubiri sheria. Baada ya askari wengi kujiua mwaka 1994 na 1995, mwaka 1996 kilianzishwa chombo kiitwacho POPPA. Kilifanya jambo lililoonekana dogo: kilihama kutoka majengo ya polisi. Wasikilizaji ni askari waliojitolea, lakini simu haipokelewi makao makuu, na faili halipiti kwa kamanda. Miaka mitano baadaye, minara ya Septemba 11 ilipoanguka, mlango huo ulikuwa tayari uko wazi na askari walijua pa kwenda.

Jirani zetu wa Kenya walijifunza kwa gharama kubwa. Novemba 2012 zaidi ya askari 40 waliuawa Baragoi, waliposhambuliwa wakiwafuatilia wezi wa mifugo. Mwaka uliofuata likaja shambulio la Westgate, na mwaka 2015 la Chuo Kikuu cha Garissa, walikouawa watu 148. Waliosalia walirudi kazini. Tarehe 7 Desemba 2021, jijini Nairobi, konstebo mmoja alimuua mkewe na watu wengine kwa bunduki ya serikali, kisha akajiua, na nchi nzima ikaanza kuuliza maswali ambayo wataalamu walikuwa wameyauliza miaka mingi. Tume ya Huduma ya Polisi ilikuwa na kitengo cha ushauri nasaha. Kando yake ulikuwapo mpango wa Muamko Mpya ulioendeshwa na shirika la Green String Network, ambamo askari hukaa kwa duara wiki baada ya wiki wakiongozwa na askari wenzao waliofunzwa. Umuhimu wake kwetu ni kwamba ulithibitisha kuwa askari wa Afrika Mashariki, mwenye nidhamu ya kikoloni ileile tuliyorithi sisi, anazungumza akipewa mahali.

Na sisi tumezika. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilishambuliwa na askari wakauawa. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa mpigo Kibiti. Tarehe 25 Agosti 2021, siku ya kutimia miaka 102 ya Jeshi, mtu mwenye bunduki aliua askari watatu na mlinzi mmoja karibu na ubalozi wa Ufaransa. Kila mara taifa liliwalilia waliokufa. Waliokuwa pembeni yao wakapona walipewa pole na kupangiwa zamu.

Wapo wanaosema polisi wa Tanzania hawezi kufunguka, ni mila. Historia inawakatalia. Mwaka 2007, jaribio la chanjo ya Virusi vya Ukimwi lililoendeshwa na wataalamu wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Sweden lilipata watu 60 wenye afya waliojitolea, na watu hao walitoka miongoni mwa askari polisi wa Dar es Salaam. Wakati ambao kupimwa tu kulikuwa aibu, askari walitoa mikono yao, chini ya utaratibu wa kitabibu ambao majibu ya mtu ni yake. Askari haohao huchangiana misiba na huwekeana fedha katika URA SACCOS. Kuaminiana kupo tayari. Kilichokosekana ni ulinzi wa maneno.

Sheria ya Ushahidi yetu, Sura ya 6, inalinda mazungumzo ya mume na mke, na ya wakili na mteja wake. Askari mwenzako hamo humo. Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Fikiria maana yake kwa askari wa kituo cha Mpanda: yeye ndiye anayemkamata aliyeokolewa kwenye kamba, ndiye anayefungua jalada. Usiku mawazo hayohayo yakimjia yeye, atamwambia nani? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kosa la namna hiyo katika sheria yao linakiuka Katiba. Kwetu kifungu bado kimesimama.

Katavi ina tatizo la ziada ambalo Boston na Nairobi hawakuwa nalo, udogo wa jamii yake ya askari. Kambini Mpanda kila mtu anamjua mke wa kila mtu. Askari wa Karema akionekana akiongea faraghani na koplo fulani aliyefunzwa ushauri, jioni habari imefika Ikola, jirani yake. Ndiyo maana naona haitoshi kuchagua askari wawili kila wilaya na kuwapa semina. Msikilizaji wa askari wa wilaya ya Mlele awe nje ya mkoa, Sumbawanga au Tabora, apatikane kwa simu, asiwe kwenye mnyororo wa amri wa anayempigia. Asiandike jina. Ajue mipaka ya siri na aiseme mwanzoni kabisa: kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini, kama mtoto anadhuriwa, kama umetenda jinai, hapo siwezi kunyamaza. Ajue pia pa kupeleka yanayomshinda, kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi.

Msomaji aliyewahi kupigwa kibao kituoni anaweza kuona huruma hii imeelekezwa pabaya. Namwelewa. Kiwewe hakimwondolei askari hatia ya kumwonea raia, na aliyeonea ashtakiwe. Lakini mkono huo umeshika bunduki ya umma, na aliye mbele yake ni mimi na wewe.

Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na mazungumzo ya kulifanyia Jeshi mageuzi yako mezani. Namwomba Inspekta Jenerali wa Polisi na Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi waingize katika Mwongozo wa Utendaji wa Jeshi la Polisi kifungu kimoja: kwamba askari alichomwambia msikilizaji aliyefunzwa hakitatumika kumshtaki kijeshi, kumnyima cheo wala kumhamisha, isipokuwa kwa yale ya hatari na jinai yaliyotajwa waziwazi. Bunge nalo likiangalie upya kifungu cha 217. Na mikoa ya majaribio ikichaguliwa, isianzie Dar es Salaam, ianzie Katavi.