Uuguzi wa jamii katika kambi ya Nyarugusu

Uuguzi wa jamii Nyarugusu ni huduma ya kinga, uzazi na ufuatiliaji wa wagonjwa kwa wakimbizi wilayani Kasulu, Mkoa wa Kigoma, Tanzania. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Kuanzia 2015 ikapokea pia Warundi wengi. Mwaka huo kipindupindu kilizuka miongoni mwa Warundi waliorundikana Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kabla ya kupelekwa kambini.

Lugha na faragha. Wakongo wengi huzungumza Kiswahili, lakini Warundi wengi wa vijijini hujua Kirundi tu. Muuguzi anayejua Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, huelewana nao, kwani lugha hiyo inakaribiana na Kirundi. Wauguzi wengine hutegemea mkalimani, ambaye huenda ni jirani wa mgonjwa. Aliyebakwa huona vigumu kusema mbele yake.

Mwendelezo wa tiba. Kadi za kliniki hupotea safarini, hivyo mtoto asiye na kumbukumbu huenda akahitaji kuchanjwa upya. Wenye kifua kikuu au VVU huweza kufika wakiwa wamekatiza dawa.

Rufaa. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo rufaa huhitaji idhini pamoja na usafiri.